Moyo wa Siku ya Tatu

Orodha ya kozi za biolojia ilibandikwa nje ya sekretarieti, nyuma ya kioo kilichopasuka, na mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Wenzangu waliisoma huku wakiguna. Hesabu tena? Fizikia ya nini, wakati tumekuja kusoma wanyama? Kifaransa, Kiingereza, kemia ya aina mbili, takwimu, na baada ya hayo yote ndipo mimea na wadudu na samaki. Mimi niliitazama kama mwenye njaa anavyochungulia sufuria ya jirani. Nilitaka vyote.

Nina tabia, na sijaiacha mpaka leo, ya kuheshimu kitu kinachonidai. Chuo chetu hapa Bunia hakikuwa na mengi. Maabara yalikuwa chumba chenye meza ndefu za saruji na mabomba yaliyosahau maji, na hadubini tuliigombania kama watoto wanaogombania ukoko. Lakini orodha ile haikutupunguzia hata kozi moja kwa kutuonea huruma. Ilitudai sawasawa na wale wanaosoma mahali penye kila kitu, na hilo lilinifurahisha kuliko msaada wowote ambao ningeweza kupewa.

Mwaka wa tatu tukafika kwenye embriolojia, yaani somo la jinsi kiumbe kinavyoanza. Kozi hiyo ilifundishwa na profesa mgeni, mzee mfupi aliyekuja kwa ndege kutoka Kisangani mara moja kwa mwaka. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu: maprofesa hawatoshi, basi wanazunguka mji hadi mji, wanafundisha asubuhi na mchana mfululizo mpaka kozi iishe, wanafunga mkoba na kuondoka. Ukimkosa, umemkosa hadi mwaka mwingine. Huyu alikuwa na sharti lake la peke yake. Siku ya kwanza, kabla hajasema neno la kozi, kila kikundi kilipaswa kumfungulia yai la kuku na kumwonyesha kiinitete cha siku ya tatu hivi, kikiwa hai, moyo ukipiga mbele ya macho yake. Kikundi kisichokuwa na moyo hakikuingia darasani.

Watu walijaribu kumzunguka. Mmoja wa mwaka uliotangulia alimletea picha nzuri sana aliyoichora kwa rangi. Mwingine alileta kiinitete kilicholowekwa kwenye lotoko, ile pombe yetu kali ya muhogo, kwa kuwa dawa ya kuhifadhia ilikuwa imekwisha maabarani. Mzee alikitazama, akanusa chupa, akamrudishia. Alisema yeye hafundishi maiti. Habari hizo zilitufikia sisi zikiwa zimetiwa chumvi nyingi, lakini kiini chake kilikuwa kweli.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Kulikuwa na mimi, mtoto wa mtaa wa Saio. Kulikuwa na kijana Mwislamu aliyekulia machimboni Mongbwalu. Baba yake na mama yake walitoka pande mbili tofauti za nchi na dhahabu ndiyo iliyowakutanisha, na yeye mwenyewe alikuwa mcheshi, mwepesi wa kujitolea na mwepesi zaidi wa kukosea. Na kulikuwa na yule tuliyemwita Yaya, kwa maana ya dada mkubwa.

Yaya alikuwa mtu wa Mahagi, upande wa ziwa, Mkatoliki wa kuingia na rozari hata kwenye mtihani wa takwimu. Alituzidi umri kwa sababu masomo yake yalikatizwa mara mbili na vita. Hakuwa wa mwaka wetu hasa. Yeye alikuwa amemaliza kila kitu, kozi zote za orodha ile, hata mtihani wa maandishi wa embriolojia alikuwa ameufaulu kwa madaftari ya kuazima. Alichokosa kilikuwa yale mazoezi ya vitendo, TP kama tunavyoyaita: moyo wa siku ya tatu. Mwaka uliopita kikundi chake kilitegemea mashine ya kutotolea ya kitivo, mashine ikategemea umeme, na umeme ukakatika usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mayai yakapoa yote. Kwa hiyo alirudi mwaka mzima kwa ajili ya yai moja.

Na mwaka huo haukuwa wa kuchezea. Kwao kulikuwa na lise, yaani sekondari, ya wasichana inayoongozwa na masista, na mwalimu wao wa biolojia alikuwa amestaafu. Walitaka Yaya ashike nafasi ile. Walikuwa wamemwambia wazi, bila kuzungusha: tunakungoja mpaka masomo yafunguliwe, na kama hujamaliza tutamchukua mwingine, watoto hawawezi kukaa bila mwalimu. Yaya hakuwalaumu. Kila Jumamosi Sista mkuu alimpigia simu, na kila Jumamosi nilimsikia akijibu kwa sauti ile ile ya upole.

“Bado, Ma Sœur. Profesa hayafika bado. Muningoje.”

Baada ya simu hizo alikuwa akiuliza habari za kuku.

Kwa maana tulikuwa na kuku. Mashine hatukuitaka tena hata kuisikia. Nyumbani kwetu Saio mama yangu alikuwa na mtetea mwekundu, mkali, mwenye shingo isiyo na manyoya, ambaye alikuwa ameanza kuatamia nyuma ya jiko kwenye karai kuukuu. Nilimwomba mama ruhusa ya kuchomeka mayai yetu chini yake. Mama alituangalia sote watatu kuanzia miguuni hadi kichwani.

“Kuku yangu haiko ya université,” alisema. “Mayai yangu musiiguse hata moja. Ya kwenu muweke pembeni. Na akiwadonoa, musiniitie docteur.”

Yule kijana wa machimboni akajitolea kutafuta mayai. Alirudi na trei nzima, mayai makubwa, masafi, yanayolingana utadhani yamepimwa, yale yanayoingia sokoni kwetu kutoka Uganda. Tulimpongeza. Tuliyatia alama kwa penseli, tukayaweka taratibu chini ya mtetea, naye akatudonoa kama tulivyoahidiwa. Baada ya siku kadhaa tukajifungia ndani ya jiko, tukaziba mlango kwa gunia, na Yaya akawasha tochi ya simu nyuma ya yai moja la mama. Ndani yake kulionekana mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Tukashangilia. Akachukua la kwetu. Lilikuwa jeupe, wazi, halina kitu. La pili vilevile, na la tatu.

Kisha Yaya akaanza kucheka, cheko la mtu anayejicheka mwenyewe.

“Hii mayai haiyakutana na jogoo hata siku moja,” alisema. “Kuku ya kule inaishi peke yake mu nyumba yao, inakula, inataga. Iko sawa masista wa kwetu.”

“Lakini Yaya, miye nilichagua ile mizuri!” kijana alijitetea.

“Njo ile. Mizuri sana.”

Ninataka ieleweke kwamba sisi watatu tulikuwa tumefaulu kozi ya uzazi wa wanyama, tena mimi kwa alama nilizowaonyesha majirani. Tulijua kuchora yai la kuku kuanzia ndani hadi nje, na kila sehemu tuliitaja kwa Kilatini. Haikumpitia hata mmoja wetu akilini kwamba yai linahitaji baba. Wiki ile tulikula mayai ya kukaanga asubuhi na mchana, na mama yangu alikuwa akiuliza kwa upole mkubwa kama ni sehemu ya masomo.

Aliyetutoa kwenye aibu ile alikuwa Yaya. Alikwenda sokoni kwa wanawake wanaoleta mazao kutoka Marabo, nami nikamfuata. Alipita kwa mmoja mmoja, akiinama juu ya vikapu vya mayai madogo madogo ya kienyeji, mengine yana kinyesi, mengine yana majani, na kila mahali aliuliza swali moja bila kupepesa macho.

“Mama, kwenu jogoo iko?”

Wa kwanza alidhani hakusikia vizuri. Wa pili alimwita mwenzake aje asikie. Wa tatu, mama mnene mwenye sauti ya kuvusha bonde, akaweka mikono kiunoni.

“Weye mwanangu, unatafuta mayai ao unatafuta bwana?”

Safu nzima ya soko ikaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Yaya alicheka pamoja nao, akangoja watulie, akajibu kwa heshima zote.

“Natafuta yai iko na baba yake, mama. Ya kwangu yote ilikuwa yatima.”

Mama yule akamchagulia mwenyewe, akiapa kwamba jogoo wake hana mapumziko. Tuliporudi nyumbani nilikuwa bado nimeona haya, lakini nilikuwa nimeanza kumwangalia Yaya kwa jicho lingine. Kuna watu wanaojua mambo mengi na hawathubutu kuuliza swali la kuchekesha mbele ya watu. Yeye alihitaji jibu kuliko alivyohitaji kujificha.

Kisha alitupangia kazi. Hatukujua ndege ya profesa ingefika siku gani hasa; tarehe ilikuwa imetangazwa, lakini sisi ni watu wa Bunia, tunajua tarehe ya ndege ni matumaini tu. Kama tungeweka mayai yote siku moja, yote yangekuwa ya siku ya tatu kwa pamoja, na yote yangepita kwa pamoja. Kwa hiyo kila asubuhi Yaya alipita kwetu akiwa njiani kutoka misa, akachomeka yai jipya chini ya mtetea na kuliondoa lile lililokwisha kukomaa kupita kiasi. Hivyo, siku yoyote ambayo mzee angeshuka, yai la siku ya tatu lingekuwepo. Fikra hiyo ilikuwa rahisi mno, na vikundi vingine vilipoisikia vilikuja kuiba. Yaya aliwagawia bila kuringa, akawaambia hata sehemu ya mama mwenye jogoo asiyepumzika.

Mayai aliyoyaondoa ndiyo tuliyojifunzia. Sitaisahau mara ya kwanza. Tulikuwa uani, mchana, yai limelazwa kwenye kikombe chenye pamba. Yaya alivuta ute kidogo kwa sindano ili kiini kishuke, akakata ganda kwa mkasi mdogo wa kucha, duara ndogo kama sarafu, akalinyanyua. Juu ya kiini cha njano kulikuwa na mduara wa nyuzi nyekundu, na katikati ya nyuzi kitu kidogo kuliko punje ya mtama kilikuwa kinaruka. Kinaruka, kinatulia, kinaruka. Hapakuwa na kuku bado. Hapakuwa na jicho la kufaa kuitwa jicho, wala bawa, wala mguu. Moyo ulikuwa umetangulia kuliko vyote na ulikuwa tayari kazini. Mama yangu, aliyekuwa anapepeta mchele na kujifanya hatujali, aliacha ungo akaja kuinama nasi.

“Kumbe mzee wenu yuko na haki,” alisema. Siku hiyo hakuuliza tena kama ni sehemu ya masomo.

Mimi pia nilimwelewa mzee siku hiyo, kabla sijamwona. Nilikuwa nimesoma kuhusu moyo tangu sekondari: vyumba, vizuizi, mshipa huu unapeleka, ule unarudisha. Yote yale nilikuwa nimeyakubali tu kwa sababu mwalimu aliyasema. Sasa nilikuwa nimeona, na nilijisikia kama mtu aliyepewa haki ya kusema jambo kwa kinywa chake mwenyewe. Orodha ile ya nyuma ya kioo ilipanda cheo tena moyoni mwangu.

Tarehe iliyotangazwa ikafika na ndege haikufika. Tangazo likabandikwa: kozi imesogezwa. Tukasubiri. Likabandikwa jingine, limeandikwa kwa haraka, likisema vilevile. Yaya aliendelea kuchomeka na kuondoa, asubuhi kwa asubuhi, na Jumamosi ikaja na Sista akapiga simu. Safari hii nilisikia sauti ya Sista mwenyewe ikitoka kwenye simu, si ya ukali, ya mtu aliyechoka, akisema kuna mwalimu mwingine ameleta karatasi zake na wanapaswa kumjibu. Yaya alisema ameelewa. Alipokata simu aliniambia, akiniita mdogo wake kama kawaida, “Leki, mara hii sina mwaka ingine,” akaenda kunawa uso.

Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelipigia hesabu lilikuwa mayai ya mama. Mtetea alikuwa ameanza kuyaatamia kabla yetu, na kwa tarehe ya kwanza profesa angekuwa amekuja, ameona moyo na amekwisha kurudi kabla hayajaanguliwa. Ucheleweshaji ule uliyapa nafasi. Asubuhi moja niliamshwa na vilio vyembamba nyuma ya jiko, na mama akipiga vigelegele. Vifaranga walikuwa wametoka. Mtetea alikuwa amesimama uani, manyoya yametutumka, akiwafundisha kuparua. Karai lilikuwa tupu, isipokuwa mayai yetu manne yenye alama za penseli, ambayo hayakuwa na mwenyewe.

Kuku akishapata watoto wa kutembea nao, yai lililobaki si shughuli yake. Tulijaribu kumrudisha. Alinidonoa mkono hadi nikalia, akatoka tena na watoto wake. Na ni asubuhi hiyo hiyo, kama vile kuna mtu alikuwa anatutania, kijana wa machimboni alipokuja mbio kutoka chuoni na habari: ndege imethibitishwa, mzee anashuka leo mchana, moyo ni kesho asubuhi saa mbili.

Yaya alifika kutoka misa akatukuta tumesimama kuzunguka karai kama watu wa msibani. Aliinama, akagusa mayai kwa mgongo wa mkono.

“Iko vuguvugu bado,” alisema.

Kijana akapendekeza jiko la makaa na boksi. Nilimkumbusha kwamba tumekwisha kula mayai ya kutosha mwaka huo. Mimi nikasema tuyapeleke kwenye mashine ya kitivo. Nikaona uso wa Yaya na nikaifuta hoja yangu mwenyewe. Kwa majirani hapakuwa na kuku mwingine anayeatamia, na vikundi vingine vilikuwa vimejaza kuku wao. Yaya hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa kiganja, chini ya blauzi, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

“Leki, niletee kitenge,” aliniambia. “Na kitambaa ya mulaini.”

Tuliingia chumbani kwangu, yeye na mimi na mama. Mama ndiye aliyefunga. Alifunga kama afungavyo mtu anayembeba mtoto mchanga, ila mbele, mayai yakiwa yamelala moja moja kwenye kitambaa laini juu ya ngozi ya tumbo, na kitenge kikizunguka mara mbili, si cha kubana, si cha kulegea. Yaya alipumua taratibu kujaribu. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa pembeni ya ukuta, mgongo wima, na hapo ndipo alipoishi mpaka kesho yake. Hakuinama. Hakulala chali wala ubavu. Kila baada ya muda alipitisha mkono chini ya kitenge na kuyageuza, kwa sababu mtetea huyageuza, na kama ni kazi ya kuku basi ataifanya kama kuku. Mama alimlisha uji kwa kijiko. Nilipoamka alfajiri alikuwa vilevile, macho mekundu, rozari mkononi.

“Unaumwa wapi?” nilimuuliza.

“Fasi yote,” alisema. “Lakini tumbo iko na moto.”

Mwendesha pikipiki aliyetubeba kwenda chuoni alimtazama Yaya, akatazama kile kilichotuna mbele yake, akapunguza mwendo bila kuombwa. Barabara ile kwa kawaida huendeshwa kama vile shetani yuko nyuma. Siku hiyo alizunguka kila shimo, na kwenye mtaro mmoja alizima injini akatusukuma kwa miguu. Tuliposhuka alimwambia Yaya, kwa heshima, “Mungu akusaidie uzae muzuri, mama.” Yaya akaitika amina. Mimi nilimwangalia kijana wa machimboni, aliyekuwa akitungoja langoni, naye alikuwa ameuma mdomo ili asicheke.

Profesa alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Alivaa koti licha ya joto, na alipita kutoka meza hadi meza ya saruji bila kusema zaidi ya maneno mawili. Kikundi cha kwanza kilimwonyesha moyo. Aliitikia kwa kichwa, akasonga mbele. Cha pili yai lilikuwa bovu. Alisema “Mwaka ujao,” si kwa ubaya, akasonga mbele. Msichana mmoja alilia. Akafika kwetu. Yaya alifungua kitenge mbele yake, bila haya yoyote, mimi nikimkinga kwa upande, akatoa mayai manne na kuyalaza kwenye pamba.

La kwanza lilikuwa na ufa. Barabara ilikuwa imelipata pamoja na uungwana wote wa yule dereva. La pili alilifungua kwa vidole vilivyokakamaa, na ndani yake nyuzi zilikuwa zimepauka na hakuna kilichosogea. Profesa alingoja. La tatu lilikuwa jipya mno, doa tu juu ya kiini. Sikuwa nawaza kozi yangu. Nilikuwa nawaza lise ya masista, na yule mwalimu mwingine aliyeleta karatasi zake.

Yaya aliweka mkasi mezani. Akakunja na kukunjua vidole, akapuliza ndani ya viganja, akachukua yai la mwisho. Alivuta ute. Akakata duara. Akalinyanyua ganda. Nyuzi nyekundu zilikuwepo, nzuri, zimeenea, na katikati yake palikuwa pametulia. Tuliinama wote wanne. Profesa alikuwa ameanza kunyoosha mgongo wake wakati punje ile iliporuka. Ikatulia muda mrefu wa kumtia mtu wazimu. Ikaruka tena. Kisha ikaruka, na ikaruka, kwa uvivu kwanza, halafu kwa mpango wake.

Mzee aliinama tena. Alivua miwani, akaleta jicho karibu na yai, na nikamsikia akihesabu kwa midomo. Alipomaliza hakusonga mbele kwenda meza nyingine. Alitazama kitenge kilichoning’inia kiunoni mwa Yaya.

“Mulitumia couveuse gani?” aliuliza, akimaanisha mashine ya kutotolea.

“Miye, Prof.”

“Weye nini?”

“Couveuse ni miye. Kuku alituacha yana asubuhi.”

Profesa aliivuta karibu ripoti yetu. Nilidhani atauliza juu ya kipimajoto, kwa sababu ripoti yetu ilikuwa na mahali pa kuandika jina la chombo kilichotumika na joto lake, na pale tulikuwa hatujaandika chochote. Aligusa nafasi ile kwa kidole.

“Andika hapa jina lako,” alisema. “Lote.”

Yaya aliandika majina yake yote matatu, herufi zimepinda kwa uchovu. Mzee akatia saini chini yake, akaenda meza iliyofuata.

Yaya alitoka nje kabla yetu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, juani, miguu ameinyoosha, mgongo wake hatimaye umeinama kama wa mtu yeyote. Simu ilikuwa sikioni na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Ilikuwa Alhamisi. Hakungoja Jumamosi apigiwe.

“Ma Sœur,” alikuwa akisema, “yule mwalimu mwingine, mumurudishie karatasi yake. Miye nakuya.”